Kutoka Kwenye Bango Hadi Kwenye Bakuli: Kisa cha Darasa la Awali na Uchaguzi wa Chakula

Usuli

Kisa hiki kinahusu darasa moja la shule ya awali: watoto wa miaka minne na mitano, walimu wawili na mpishi mmoja. Majina yameondolewa, na mambo madogo ambayo yangeweza kumtambulisha mtoto au familia yake yamebadilishwa. Watoto watatu watakaotajwa kwa karibu nitawaita S, T na N.

Watoto hawa walikula shuleni mara mbili. Katikati ya asubuhi kila mmoja alifungua mkebe aliotoka nao nyumbani, na mchana walikula chakula kilichopikwa shuleni. Malalamiko yalikuwa yale ambayo kila mwalimu wa chekechea anayafahamu: mboga zinarudi jikoni kama zilivyotoka, mikebe imejaa biskuti na juisi, na mtoto aliyekula vizuri jana leo hagusi kitu. Mwalimu wa darasa, mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi na anayewapenda watoto wake, aliamua kulikabili jambo hilo kwa njia anayoijua kuliko zote: kulifundisha kama somo.

Somo lenyewe liliandaliwa kwa bidii. Bango kubwa lilibandikwa ukutani, nusu ya kijani, nusu nyekundu. Upande wa kijani uliandikwa "vyakula vizuri", upande mwekundu "vyakula vibaya". Zilikuwapo kadi za picha ambazo watoto walizibandika mahali pake, na wimbo wa kusindikiza kazi hiyo. Mezani, mtoto aliyemaliza mboga alipewa stika. Aliyefikisha stika za kutosha alizawadiwa biskuti siku ya Ijumaa.

Mwalimu mkuu aliniita kama mshauri wa lishe baada ya wiki kadhaa, siku mama yake S alipofika ofisini na mkebe mkononi.

Kilichotokea

Darasani somo lilifaulu. Ndani ya muda mfupi karibu kila mtoto aliweza kupanga kadi zote bila kukosea, na wageni walipokuja watoto waliimba ule wimbo kwa majivuno. Lakini mpishi, ambaye ndiye aliyekuwa akikwangua sahani, alisema tangu mwanzo kwamba yeye haoni tofauti. Ndoo ya mabaki ilijaa vile vile.

Kisha mambo matatu yakajitokeza, kila moja kwa mtoto wake.

T alikuwa mfalme wa stika. Alikula mboga kila siku, au ndivyo ilivyoonekana. Msaidizi wa darasa aligundua kwamba T alikuwa akizijaza shavuni, anapokea stika yake, anaomba ruhusa ya kunawa mikono, kisha anazitema kwenye sinki. Stika zilipoisha na mwalimu akachelewa kuleta nyingine, T aliacha hata huo mchezo wa shavuni. Alisukuma sahani na kuuliza: "Leo unanipa nini?"

S alikuwa mtoto mkimya. Mama yake alitoka kwenda kazini kabla ya alfajiri, na mkebe wa mwanawe ulikuwa na kile kilichopatikana usiku uliotangulia: mkate, biskuti, mara nyingine kipande cha ndizi. Watoto wenzake walikuwa wamejifunza bango vizuri mno. Walianza kukagua mikebe ya wenzao, wakiinama juu yake na kutoa hukumu: "Chakula chako ni kibaya." S aliacha kuufungua mkebe. Kwa siku kadhaa mama aliuona ukirudi umejaa, akadhani mtoto anaumwa, mpaka siku moja mtoto alipomwambia asimwekee tena chakula kibaya. Mama yule hakufika shuleni kugomba. Aliuliza swali moja tu: "Mwalimu, nimemlisha mwanangu vibaya?" Swali hilo lilimuumiza mwalimu kuliko lawama yoyote ambayo angepewa.

N ndiye aliyenitia wasiwasi zaidi. Alikuwa msichana mwembamba, mwerevu, anayependa kufuata kanuni. Kadi ya vyakula vya kukaanga ilikuwa upande mwekundu. Siku yalipopikwa mayai ya kukaanga alikataa, na alipoulizwa sababu akajibu kwa utulivu: "Yai limeenda nyekundu." Baadaye akakataa chochote kilichong'aa mafuta. Mtoto wa miaka mitano alikuwa ameanza kupunguza orodha ya vyakula vyake kwa kutumia kanuni aliyofundishwa shuleni, na kwa mantiki yake mwenyewe hakuwa amekosea popote.

Kabla ya kupendekeza lolote niliomba kukaa mezani na watoto kwa siku chache, bila kusema neno. Mambo niliyoyaona hayakuhusu bango peke yake.

La kwanza ni saa. Mikebe ilifunguliwa kwa kuchelewa, na wengine waliendelea kudonoa mpaka karibu na chakula cha mchana. Pakiti ya juisi ya mililita 200 hubeba takriban gramu 20 za sukari, hata kama ni juisi halisi ya matunda. Mtoto mwenye tumbo dogo akinywa hiyo na biskuti mbili, kisha akaketi mbele ya sahani muda mfupi baadaye, hana njaa. Na mtoto asiye na njaa hatajaribu kitu asichokizoea.

La pili ni kipimo. Chakula kilipakuliwa jikoni, sahani zote sawa, kwa mkono uliozoea kupakulia watu wazima. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2023, linapendekeza mtoto wa miaka 2 hadi 5 apate angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku. Kwa siku nzima, mboga na matunda pamoja. Pale mezani mtoto alikabidhiwa rundo la mboga ambalo peke yake lilikaribia nusu ya kiasi hicho, akaambiwa limalizike kwa mlo mmoja.

La tatu ni sauti. Neno lililosikika zaidi mezani lilikuwa "maliza". Walimu hawakula na watoto. Walisimama nyuma yao.

Maamuzi na sababu zake

*Kuondoa bango.* Hili ndilo lililobishaniwa zaidi. Mwalimu alisema, na alikuwa na hoja, kwamba watoto wamelipenda na wazazi wamelisifu. Mwalimu mkuu alihofia kwamba kuliondoa kungeonekana kama shule imekata tamaa ya kufundisha lishe. Sababu zangu zilikuwa mbili.

Kwanza, umri. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyechunguza fikra za watoto, alieleza zamani kwamba mtoto wa kati ya miaka miwili na saba hufikiri kwa vitu anavyoviona na kuvishika, na hupata shida kuzingatia pande mbili za jambo moja kwa wakati mmoja. "Afya" haionekani wala haishikiki. "Yai lina faida, ila kukaanga kila siku kwa mafuta mengi si vizuri" ni sentensi yenye pande mbili. Mtoto anachukua upande mmoja, na kwa kawaida ni ule wenye rangi kali. Pili, hoja ya faida huwa inageuka. Michal Maimaran na Ayelet Fishbach walichapisha mwaka 2014 majaribio waliyofanya na watoto wa shule ya awali: watoto waliosimuliwa kwamba chakula fulani kinaleta nguvu au kinasaidia kujifunza kuhesabu walikila kidogo kuliko waliosimuliwa hadithi bila kutajiwa faida yoyote. Maelezo yao ni kwamba mtoto hudhani kitu kimoja hakiwezi kufanya kazi mbili vizuri. Kikiwa dawa, basi si kitamu. Wengi wetu tumewaambia watoto "kula karoti uone vizuri". Tulikuwa tunaitangaza karoti kama dawa.

Bango likashushwa. Mahali pake hapakuwekwa bango jingine. Watoto walianza kuletewa vyakula vyenyewe: tango zima, ganda la njegere la kufungua kwa vidole, karoti yenye majani yake. Waliulizwa kinasikikaje kikivunjwa, kina harufu gani, kinaota juu ya ardhi au chini. Neno "kizuri" na neno "kibaya" yaliachwa kabisa mezani.

*Kutenganisha milo.* Mikebe ilisogezwa mapema, ikafungwa yote kwa pamoja, na kati ya hapo na chakula cha mchana palipita zaidi ya saa mbili ambazo kilichopatikana kilikuwa maji tu. Hakuna aliyebisha, kwa sababu halikuonekana kuwa jambo kubwa.

*Mtoto ajipakulie.* Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, ameeleza mgawanyo wa kazi ambao mimi huutumia kama dira: mtu mzima anaamua kipi kitaliwa, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua kama atakula na atakula kiasi gani. Ukishika kazi ya mtoto, naye atashika ya kwako. Tuliomba mabakuli madogo katikati ya kila meza na vijiko vinavyoenea mkono mdogo. Kila siku ziliwekwa mboga mbili, pamoja na angalau kitu kimoja ambacho kila mtoto anakizoea, kama mkate. Mtoto alichagua karoti au njegere, au zote, au hakuchagua. Hakuulizwa "unataka mboga?", maana ukiuliza swali hilo lazima uwe tayari kupokea "sitaki".

Mpishi aliuliza swali zuri: je, tukiwaachia si watachagua mkate peke yake mwaka mzima? Nilimweleza habari za Clara Davis, daktari wa watoto wa Marekani ambaye katika miaka ya 1920 na 1930 aliwaacha watoto wachanga waliotoka kuachishwa ziwa wajichagulie wenyewe kutoka vyakula zaidi ya 30. Walikula kwa mpangilio wa ajabu, leo mayai mengi, kesho ndizi tupu, lakini walikua vizuri. Watu wengi humtaja Davis kama uthibitisho kwamba mtoto ana hekima ya mwili, aachwe tu. Yeye mwenyewe alisema siri ilikuwa kwenye orodha: vyakula vyote vilikuwa vya asili, hapakuwa na sukari wala vilivyosindikwa. Uhuru wa mtoto ulikuwa wa kweli, ila mipaka yake ilichorwa na mtu mzima kabla chakula hakijafika mezani. Nilimwambia mpishi kwamba mchoraji wa mipaka ni yeye.

*Kuonja bila deni.* Chakula kigeni kililetwa kwa kipande kidogo, ukubwa wa ukucha. Mtoto aliruhusiwa kukigusa, kukinusa, kukilamba, au kukiweka mdomoni na kukitoa kwa adabu kwenye karatasi. Mwaka 1982 Leann Birch na Diane Marlin walionyesha kwamba watoto wa miaka miwili walizidi kupenda chakula kadiri walivyokionja mara nyingi, na wataalamu wengi leo hutaja mara 8 hadi 15 kabla ya kukata tamaa. Wazazi wengi huacha baada ya tatu au nne, kisha huandika kwenye fomu ya shule: "Hapendi mboga."

*Stika na biskuti za Ijumaa.* Biskuti ziliondolewa kama zawadi. Birch na wenzake walikwisha kuonyesha mwaka 1984 kwamba mtoto anayelipwa ili anywe kinywaji fulani hupungua kukipenda malipo yakikoma, na T alikuwa ametuonyesha hilo hilo pale kwenye sinki. Lakini kuhusu stika mwalimu alikataa kukubali kwa haraka, na alikuwa na msingi. Utafiti wa Lucy Cooke na wenzake wa 2011, uliohusisha watoto zaidi ya 400 wa miaka 4 hadi 6, uliona kwamba stika kwa kuonja kipande kidogo cha mboga isiyopendwa ilisaidia, na kupenda kule kulibaki hata miezi mitatu baadaye. Kwa hiyo hatukusema "zawadi ni mbaya", tungekuwa tumejenga bango jingine. Tulikubaliana stika itolewe kwa kuonja tu, kamwe si kwa kumaliza, kwa chakula kigeni pekee na kwa wiki chache za mwanzo.

Biskuti zenyewe je? Nilipendekeza zitolewe mara moja moja pamoja na chakula kingine, bila sherehe na bila masharti. Jennifer Fisher na Birch waliona mwaka 1999 kwamba kitafunwa kilichofungiwa ndani ya chombo kinachoonekana kiliwafanya watoto wakitaje na wakitamani kuliko kile kilichokuwa wazi. Mwalimu mkuu hakukubali shule inunue biskuti. Tuliliacha hapo.

*Mikebe.* Ukaguzi wa mikebe ulikoma, wa watoto na wa walimu pia. Fedha iliyokuwa ikinunua zawadi ilinunua matunda, yakawekwa kwenye sinia katikati ya meza wakati wa mikebe. Kila mtoto alichukua, awe ametoka kwao na nini. Wazazi waliandikiwa ujumbe mfupi usio na orodha ya makatazo: shule itatoa tunda, tunaomba maji badala ya juisi, kingine chochote kitapokelewa bila maneno. Mama yake S aliongea na mwalimu uso kwa uso, na mwalimu alimwambia wazi kwamba mkate na ndizi ni chakula.

Upande wa usalama haukuwa na mjadala. Watoto hukaa wanapokula. Karoti mbichi hukatwa vijiti vyembamba au huchemshwa kidogo, zabibu na vitu vya mviringo hupasuliwa kwa urefu, na karanga nzima hazitolewi kwa watoto wa umri huu, kwa sababu ya kupaliwa.

Matokeo

Wiki mbili za kwanza zilikuwa mbaya kuliko zilizotangulia. Watoto wengi walijipakulia mkate na nyama, mboga zikarudi jikoni ndani ya mabakuli zikiwa safi, na mpishi akaja kuniuliza kama hiyo ndiyo lishe. Nilimwomba asubiri, na nilimwelewa: kuona chakula ulichomenya na kukatakata tangu asubuhi kikirudi bila kuguswa kunauma.

Mabadiliko yalianza kwenye jambo dogo. Msichana mmoja alikuwa akijipakulia njegere moja kila siku. Njegere moja. Aliizungusha sahanini, akaipanga juu ya kipande cha mkate, akaibonyeza mpaka ikapasuka, akaiacha. Mwalimu alikuwa amekaa karibu naye, anakula njegere zake bila kumtazama, na naona jinsi alivyojizuia kusema ndiko kulikofanya kazi. Siku moja njegere ikaingia mdomoni, na hakuna aliyepiga makofi. Kesho yake zilikuwa tatu.

Mwishoni mwa muhula mabakuli ya mboga yaliyorudi tupu au karibu tupu yalikuwa mengi kuliko yaliyorudi yamejaa, kwa kumbukumbu za mpishi aliyekuwa akiweka alama ukutani. Ndoo ya mabaki ilipungua sana pia, lakini sikuipa uzito, maana sahani zilipakuliwa kidogo kuliko zamani; ndoo ingepungua hata kama hakuna aliyeongeza tonge la mboga.

S alirudi kuufungua mkebe wake ndani ya wiki moja tangu sinia la matunda lilipowekwa. Lilimfaa kwa sababu lilimpa kitu cha kuchagua sawa na wenzake.

T hakugeuka kuwa mla mboga. Muhula ulipokwisha bado hakula mboga ya majani hata moja. Alipenda tango, alionja karoti, na alikuwa ameacha kuuliza atapewa nini. Kwangu hayo ni mafanikio makubwa, ingawa kwenye fomu yoyote ya tathmini yangeonekana madogo.

N alichukua muda mrefu. Mwalimu hakumwambia kwamba yai sasa ni zuri, kwani hiyo ingekuwa kulihamisha yai kutoka nyekundu kwenda kijani na kuiacha kanuni hai. Badala yake N alipewa kazi ya kumsaidia mpishi kuvunja mayai. Alirudia kula mayai ya kuchemsha kwanza, na ya kukaanga baadaye sana. Familia ilishauriwa kumpeleka kliniki kufuatilia uzito na urefu wake, na mwenendo wa ukuaji ulikuwa mzuri. Kama uzito ungekuwa unashuka, kama orodha ya vyakula ingeendelea kusinyaa, au kama angekuwa anapaliwa na kukakamaa kila akiona chakula kigeni, hilo lisingekuwa tena jambo la darasa. Lingekuwa la daktari, na mapema.

Uchambuzi

Ningeulizwa ni uamuzi gani mmoja uliofanya kazi zaidi, ningetaja saa. Kutenganisha mikebe na chakula cha mchana hakukugharimu kitu, hakukuhitaji somo, na kulifanya hatua nyingine zote ziwezekane. Tunazungumza sana juu ya kumfundisha mtoto achague vizuri huku tukimleta mezani akiwa ameshiba juisi. Uchaguzi wa chakula huanza na njaa ya kawaida, ile inayokuja kwa wakati wake.

Lakini saa peke yake isingetosha. Kilichobadilika kwa undani ni nani anachagua. Katika mpango wa kwanza watoto hawakuchagua chochote. Walipanga kadi, waliimba, walipokea sahani iliyokwisha pakuliwa na kuamriwa kuimaliza. Walijifunza kujibu maswali kuhusu chakula, nao walijibu vizuri. Kuchagua ni ustadi mwingine. Unajengwa kwa mkono kushika kijiko, kukosea kiasi, kujaza mno leo na kupunguza kesho, kuona mwenzako anatafuna kitu na kukitaka. Mtoto wa miaka minne anahitaji mazoezi hayo mara mamia. Kwa miezi kadhaa kabla ya hapo, darasa hili lilimnyima hata moja.

Mwalimu kula na watoto kulikuwa na nguvu kuliko nilivyotarajia. Meza zilizokuwa na mtu mzima anayekula zilimaliza mabakuli mapema kuliko zile ambazo mtu mzima alisimama. Kulipunguza pia ile "maliza", kwa sababu mtu mwenye chakula mdomoni haamrishi sana. Kuhusu amri hiyo, jaribio la Amy Galloway na wenzake la 2006 linaeleweka kwa yeyote aliyewahi kulisha mtoto: watoto wa shule ya awali walipewa supu mbili, moja wakihimizwa kuimaliza na nyingine wakiachwa. Walikula zaidi ile walioachwa, na waliilalamikia kidogo.

Si kila tulichojaribu kilifaa. Wazo la kupigia kura "mboga ya wiki" lilionekana la kuvutia, likaleta vita. Walioshindwa waliikataa mboga iliyoshinda kama suala la heshima, na wengine waliojua kuila waliacha. Kura inafaa kwa jambo ambalo anayeshindwa anaweza kuvumilia. Kwa mtoto mdogo, kinachoingia mdomoni mwake si jambo la aina hiyo. Mzazi mmoja alipendekeza mboga zisagwe na kufichwa ndani ya vyakula vitamu. Sikuunga mkono. Chakula kilichofichwa kinaongeza virutubishi siku hiyo, na kuna nyakati ambapo hilo linatosha, lakini hakimfundishi mtoto kuitambua karoti, na siku akigundua, imani yake kwa kile chakula kitamu nayo inapotea.

Kuhusu stika, sina hakika kama zilisaidia. Zilikwenda sambamba na mabadiliko mengine mengi, hivyo haiwezekani kuzitenga. Niliona watoto wawili watatu wakionja kwa ajili yake na kuendelea baada ya stika kwisha. Niliona pia T akizipuuza kabisa, kana kwamba amekwisha kuwa na historia nazo. Shule ikirudia mpango huu, ningependa stika zianze na kundi lisilowahi kulipwa kwa biskuti.

Upande wa nyumbani tulifika nusu tu ya njia. Ujumbe kwa wazazi ulipunguza juisi kwenye mikebe, na wazazi wengi walisema walifarijika kutopangiwa orodha. Ila jioni nyumba nyingi ziliendelea na mkataba wa zamani: kula mboga, upate tamu. Mtoto akiishi na kanuni mbili zinazopingana hatachanganyikiwa sana, watoto wanajua vizuri mezani kwa nani pana sheria gani. Lakini kila "kula hii upate ile" inamwambia tena kwamba hii ni adhabu na ile ndiyo chakula. Tungepaswa kuwakaribisha wazazi wakae kwenye zile meza ndogo mchana mmoja wale na watoto wao. Mama yake S alifanya hivyo kwa hiari yake, na alichokiona kilimwelimisha kuliko barua yoyote ambayo tungemwandikia.

Sherehe za kuzaliwa hazikupatiwa ufumbuzi. Keki ilipokuja, walimu wengine waliikata ndogo na kuomba radhi kwa macho, wengine waliitoa kwa shangwe. Msimamo wangu ni kwamba keki ya siku ya kuzaliwa iliwe kama keki, bila hotuba, kisha siku iendelee. Shule bado haijaamua.

Udhaifu mkubwa zaidi ulijitokeza muhula ulipokaribia kwisha, mwalimu wa darasa alipokwenda likizo na mwingine kushika nafasi yake. Ndani ya siku tatu "maliza" ilikuwa imerudi, na sahani zikaanza kupakuliwa jikoni ili kuokoa muda. Mpango wote ulikuwa umekaa kichwani mwa mwalimu mmoja na mpishi mmoja. Mpishi ndiye aliyelalamika, na ndiye aliyeandika karatasi iliyobandikwa sasa ndani ya mlango wa kabati la vyombo, mahali ambapo watu wazima huiona na watoto hawaifikii: mabakuli yaende mezani, mtu mzima akae na ale, asiulize nani amemaliza.